Shajara ya mguu wa Dani: mota ya waipa, tyubu ya baiskeli na kebo ya boda

Februari 3, 2025. Kondele, Kisumu

Dani, yaani bibi yangu (ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kijaluo), alipatwa na kiharusi Agosti mwaka jana, upande wa kushoto. Mkono umerudi kiasi cha kushika kikombe cha chai. Mguu ndio unaotusumbua. Nyonga inainuka, goti linakunjika, lakini wayo unaning'inia na ncha ya kiatu inakwaruza chini kila hatua. Ili asijikwae, huupitisha mguu mzima kwa nje, kama anayezunguka dimbwi, ndipo auweke mbele. Kiatu cha kushoto kimetoboka kwenye kidole gumba ilhali cha kulia bado kizima.

Fizio wake, mtaalamu anayemzoesha viungo upya, alituchorea nyuma ya karatasi ya kliniki. Msuli wa mbele ya muundi, ambao kazi yake ni kuinua wayo, umelegea. Misuli ya shavu la mguu, ambayo huvuta wayo kwenda chini, imekaza. Mmoja hauvuti, mwingine hauachii. Dani alipewa kishikio cha plastiki cha kuvaa ndani ya kiatu, akakivaa wiki mbili, kisha akakitundika msumarini nyuma ya mlango. Simlaumu. Kwa joto hili, plastiki kutoka kisigino hadi chini ya goti ni adhabu, na kiatu chake cha kanisani hakikiingizi.

Mimi ni fundi wa simu. Jirani yangu wa karakana ni fundi wa pikipiki. Tumekubaliana kutengeneza kitu cha kuvaa, chenye mota, kitakachoinua wayo wa Dani mguu ukiwa hewani na kuuachia ukigusa chini. Fizio amekubali kusimamia kwa masharti mawili. La kwanza, hakuna jaribio bila mtu wa kumshika Dani mkanda wa kiunoni. La pili, havai zaidi ya dakika 15 bila kuvua na kutazamwa ngozi, kwa sababu upande ule hahisi vizuri na anaweza kuchubuka asijue.

Nitaandika kila kitu hapa, hata cha kuaibisha.

Februari 8

Kipimo cha kuanzia. Tulipiga mstari wa chokaa wa mita 14 uani, tukapima muda wa mita 10 za katikati, ili kule kujipanga kwa mwanzo na kusimama kwa mwisho kusihesabiwe. Mara tatu, wastani wa sekunde 31, yaani mita 0.32 kwa sekunde. Fizio anasema watu wa kiharusi hupimwa kwa ngazi: chini ya mita 0.4 kwa sekunde ni mtu wa kutembea ndani ya nyumba, kati ya 0.4 na 0.8 anatoka nje kwa shida, juu ya 0.8 anajipeleka mjini mwenyewe.

Dani alitusikia, akaniita mjukuu kwa Kijaluo. "Nyakwara, na kutoka hapa hadi soko la Kibuye ni sekunde ngapi?"

Nilipiga hesabu kwenye simu. Ni zaidi ya saa nzima. Nikamwambia ni mbali.

Februari 15

Vifaa vimefika na matatu kutoka Luthuli Avenue, Nairobi. Sevo mbili (mota ndogo za kugeuka kwa pembe) zenye meno ya chuma, ubao mdogo wa ESP32 wa kuziamuru, na sensa ya mwendo ya bei ya soda mbili tatu. Sahani za alumini nimezikata kutoka kwa sufuria iliyopasuka, bawaba ni ya kabati. Chini ya kisigino nimetengeneza swichi: vipande viwili vya karatasi ya foili vimetenganishwa na pete ya sponji ya malapa. Kisigino kikikanyaga, foili zinagusana na sevo inalegeza. Kisigino kikiinuka, sevo inavuta wayo juu. Kwa maandishi ni rahisi namna hiyo.

Nilijaribu mguuni mwangu, ikafanya kazi. Niliringa siku nzima.

Februari 22

Sekunde 36. Tumemfanya Dani awe polepole zaidi kuliko alivyokuwa bila kitu.

Kwanza, sevo haikuweza. Ilivuta, ikalia kama nzi ndani ya chupa, na jaribio la tatu meno yakang'oka. Pili, hata pale ilipovuta, mguu ulikuwa mzito kuurusha mbele. Nilipima kifaa chote: kilo 1.15, na karibu yote iko chini ya goti, betri ikiwemo. Niliifunga betri pale kwa sababu waya zilikuwa fupi. Sababu nyingine sina.

Jirani alileta mizani ya samaki, ile ya kuning'iniza wanayotumia wauza samaki wa ufuo wa Dunga. Dani akiwa amekaa, tulivuta wayo wake kwa kamba kutoka kwenye fundo la kiatu mpaka ukasimama sawa. Mizani ikasema kilo 2.4. Kutoka kwenye fundo hadi kwenye kifundo cha mguu ni sentimita 8. Kuzidisha hapo ni kilo-sentimita 19 za nguvu ya kuzungusha. Kwenye kibandiko cha sevo pameandikwa 10, tena hizo 10 ni za sevo iliyokwama, siyo inayozunguka.

Kosa langu lilikuwa hili. Niliutazama wayo kama mzigo wa kuinua tu. Wayo wa mtu wa kilo 60 hauna hata kilo moja, kwa hiyo nikaona sevo inatosha na chenji inabaki. Kwangu ilitosha kweli, kwa sababu shavu langu la mguu linaachia. La Dani haliachii. Sevo ilikuwa inapigana na msuli uliokaza, nami sikuuweka msuli huo kwenye hesabu. Na hatukutafuta hata kumsukuma mbele. Mtu mzima mwenye afya, akijisukuma kwa ncha ya mguu, kifundo chake hutoa nguvu karibu mara mia ya ile ya sevo yangu.

Februari 23

Nimefanya jaribio la kipumbavu ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Nimefunga pakiti ya sukari ya kilo moja kwenye kifundo changu nikatembea hadi stendi na kurudi. Halafu nikaifunga kiunoni, njia ile ile. Kiunoni niliisahau kabla sijafika. Mguuni nilianza kuchechemea nikiwa njiani kurudi, na jioni paja lilikuwa linauma mbele.

Kinachobebwa kiunoni husafiri na mwili taratibu. Kinachobebwa mguuni husimamishwa na kurushwa upya kila hatua, na anayekirusha ni msuli wa nyonga. Dani ana nyonga moja inayofanya kazi ya mbili.

Jirani alishangaa naandika nini wakati jibu liko mezani kwake. "Breki ya boda mota yake iko wapi? Mkono uko juu, gurudumu liko chini, katikati ni kebo." Akanirushia kebo ya klachi.

Machi 9

Toleo la pili. Mota ya waipa ya gari, ya mtumba, shilingi 1,800, imekaa kiunoni kwenye mkanda wa turubai pamoja na betri. Kebo ya klachi ya pikipiki inashuka nyuma ya paja, inapita pembeni mwa goti, inaishia kwenye kiatu. Mguuni umebaki mkufu wa ngozi chini ya goti, kebo na ndoano: gramu 160. Kiunoni kilo 1.7.

Haya si mageni. Mavazi ya roboti ya kitambaa yaliyotengenezwa Harvard na kundi la Conor Walsh huvuta kwa kebo za aina hii, mota zikiwa mgongoni au kiunoni. Moja ya jamii hiyo, ReStore, iliruhusiwa Marekani mwaka 2019 itumike katika mazoezi ya waliopatwa na kiharusi. Nilifurahi kuona kwamba fundi wa boda wa Kondele na maprofesa wamefika mlango mmoja, ingawa jirani hakuona cha kushangaza. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri mnyororo wake akauliza mbona hatununui ile ya kwenye video, inayomsimamisha mtu aliyepooza miguu yote. Hiyo ni ya aina nyingine. Ina mota kwenye nyonga na magoti na humbeba mtu ambaye miguu haitii kabisa. Dani miguu inamtii, isipokuwa kiungo kimoja. Na bei ya ile ni bei ya nyumba.

Mambo mawili ya kuandika kabla sijasahau:

Kebo inakula nguvu. Tulipovuta kilo 6 kwenye upande wa mota, mizani ya samaki ilisoma 4 upande wa kiatu, Dani akiwa ameketi. Kila kona ya kebo ni msuguano. Jirani aliitoa, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaipaka grisi, akabadilisha njia ili isikunjwe kwa kona kali kuliko kiganja. Tukapata 5.

Mota ya waipa hairudi yenyewe. Ndani yake kuna gia ya skrubu: mota huzungusha gurudumu, gurudumu haliwezi kuzungusha mota. Stima ya betri ikikatika katikati ya hatua, kebo hubaki imekazwa. Kwa waipa ni sifa, kwa mguu wa bibi ni hatari. Tumeweka pini kwenye ndoano, yenye utepe mwekundu. Ukivuta utepe, kebo yote inaachia. Dani amefundishwa kuuvuta kabla ya kufundishwa jambo jingine lolote.

Machi 16

Swichi ya kisigino imetupwa.

Nusu saa tulitafuta waya iliyolegea. Waya zilikuwa nzima. Ni kwamba Dani haanzi kwa kisigino. Wayo unaoning'inia hutangulia kutua kwa ncha, au bapa wote kwa pamoja, na kisigino hushuka baadaye, mara nyingine hakishuki kabisa. Swichi yangu ilisubiri tukio ambalo ugonjwa wenyewe umeliondoa. Nilitengeneza kifaa cha kumsaidia mtu ambaye angekuwa ameshapona.

Sasa sensa ya mwendo imehamia kwenye muundi, chini kidogo ya goti. Muundi hausemi uongo. Mguu ukiwa chini, unainama mbele polepole. Ukiondoka chini, unazunguka kwa kasi kwenda mbele. Ukitua, kasi inakatika ghafla. Nasoma mara 100 kwa sekunde. Nilimpiga video Dani kwa simu, mikono ikitetemeka kwa kahawa, nikalinganisha picha na mstari wa sensa hatua kwa hatua. Hatua 40, zilizokosewa ni 3, zote tatu akigeuka.

Machi 22

Stima ilipotea kutwa. Hakuna kilicholehemiwa.

Machi 29

Sekunde 25! Mita 0.4 kamili kwa sekunde. Ncha ya kiatu haikugusa chini hata mara moja katika mizunguko miwili ya kwanza. Fizio alichuchumaa pembeni akitazama kifundo, akasema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba ule mzunguko wa nje bado upo. Wayo umeinuka, nafasi ipo, lakini nyonga imezoea miezi saba kupita nje na haijaambiwa kwamba njia ya katikati imefunguliwa. Alimshika Dani magoti kwa mikono yake, akampitisha hatua ishirini, thelathini. Kifaa hakiwezi kufanya kazi hiyo.

Aprili 13, Jumapili. Siku mbaya

Tulimpeleka Dani Kibuye. Ni yeye aliyetaka. Jumapili ndiyo siku ya soko kubwa, na tangu kiharusi hajakanyaga pale. Tuktuk hadi getini, kisha tukaingia kwa miguu, mimi nikishika mkanda kulia, binamu yangu mbele akifungua njia.

Ili mtu aelewe kilichotokea lazima nieleze ujanja niliokuwa nimeuweka wiki mbili nyuma. Mota huchukua sekunde 0.3 kuvuta kebo. Nikisubiri mpaka sensa ione mguu umeondoka, nimechelewa. Ncha inakuwa imeshakwaruza. Kwa hiyo nilikuwa nachukua wastani wa hatua tano zilizopita, nakisia hatua ijayo itaanza lini, na mota inaanza kuvuta mapema kidogo. Uani ilikuwa tamu. Dani alitembea mfululizo kwenye mstari wa chokaa na kila hatua ilifanana na ya nyuma yake.

Sokoni hakuna mstari wa chokaa. Mbele ya kina mama wa omena, wauza dagaa, mtu alimwita kwa jina. Dani akasimama katikati ya hatua, mguu wa kushoto nyuma, uzito wote juu yake, akageuka kusalimia. Kifaa kikahesabu, wakati ukafika, kikavuta. Wayo uliobeba uzito ukanyanyuliwa ncha kwa nguvu ya mota inayosukuma maji ya mvua kwenye kioo cha lori. Alirudi nyuma kama aliyesukumwa kifuani. Nilimshika. Beseni la mtu la nyanya halikupata wa kulishika.

Hakuumia. Alivuta utepe mwekundu mwenyewe, tena kabla sijawaza kuuvuta mimi. Nyanya nililipa. Tukampa kiti, akakaa akipiga soga na mama wa omena karibu saa moja, akiwa na furaha kuliko siku zote za mwaka huu, na mimi nimekaa kando nikitazama mkanda wangu uliojaa waya na kujiona mjinga.

Njiani kurudi alisema, "Hicho kitu chako kinajua kutembea. Hakijui kusimama."

Aprili 14 hadi 20

Nimefuta kisio lote. Mpango mpya hauna saa ndani yake. Mota inaruhusiwa kuvuta ikiwa tu mambo mawili yapo pamoja: muundi umeinama mbele kupita pembe niliyopima kwa Dani mwenyewe, na bado unaendelea kuinama kwa kasi. Mguu ulio nyuma tayari kuondoka huwa hivyo kabla ya ncha kuinuka, kwa hiyo bado napata sehemu ya ule wakati niliokuwa nautafuta. Muundi ukitulia nusu sekunde, kebo inalegea, hata kama ni katikati ya nini.

Nilijaribu kwangu kwa kumwomba mtoto wa jirani aniite jina ghafla huku natembea. Mara 60. Mota ilivuta vibaya mara 0, ilikataa kuvuta ilipopaswa mara 7. Afadhali hizo saba. Kukwaruza Dani amezoea. Kuvutwa hakuna anayezoea.

Aprili 27

Mvua. Udongo mweusi wa huku kwenye tambarare ya Kano ukinyeshewa hushika kiatu kama ugali unaoshika mwiko. Nilikwangua kiatu cha Dani nikapima kilichotoka: gramu 310, mahali pabaya kuliko pote mwilini. Miezi miwili nahangaika kupunguza gramu, na mvua ya usiku mmoja inarudisha zote.

Mei 4

Wekundu kwenye muundi, chini ya mkufu wa ngozi, upana wa sarafu ya shilingi 20. Dani hakuhisi chochote. Fizio alibonyeza kwa kidole, akasubiri rangi irudi, ikachelewa. Wiki nzima hakuna kuvaa. Jasho, ngozi ngumu, na kebo inayovuta mkufu kwenda chini kila hatua: ingekuwa ajabu pasichubuke. Mkufu mpya ni mpana mara mbili, ndani una kitambaa cha taulo kinachovuliwa na kufuliwa.

Mei 11

Wiki ya kutovaa nimeitumia kusoma, na nimesoma kitu kilichonigeuza.

Watu wamehangaika na mavazi ya kutembelea tangu zamani. Mwaka 1890 Mrusi mmoja, Nicholas Yagn, alipewa hataza huko Marekani ya kifaa cha springi ndefu cha kumrahisishia mtu kutembea, kukimbia na kuruka. Baadaye zikaja mota, hewa ya kubanwa, kompyuta. Na kwa miaka mingi vifaa karibu vyote vilikuwa na ugonjwa wa toleo langu la kwanza: vilimchosha mvaaji kuliko vilivyomsaidia. Mwaka 2015 Collins, Wiggin na Sawicki walichapisha kwenye jarida la Nature kifaa cha kifundo kisicho na mota wala betri. Springi imekaa sambamba na shavu la mguu, na klachi ndogo ya mitambo huishika mguu ukiwa chini, huiachia ukiwa hewani. Kila mguu ulibeba karibu nusu kilo. Watu wenye afya walitumia nishati pungufu kwa asilimia 7.2 wakitembea. Springi laini mno haikusaidia, na ngumu mno nayo ilipoteza faida. Kati yake ndipo palikuwa na faida.

Shida yao na yetu si moja. Wao walisaidia kusukuma, sisi tunataka kuinua. Lakini nilibaki nikitazama mota ya waipa na kujiuliza imeniletea nini ambacho mpira usingeleta.

Jioni nilimsomea Dani utafiti mwingine, huu wa kwetu. Mwaka 1986 Maloiy na wenzake walichapisha, pia kwenye Nature, vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikuyu hapa Kenya waliozoea kubeba mizigo, Wajaluo kichwani, Wakikuyu kwa ukanda wa kwenye paji la uso. Mzigo hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea nishati waliyotumia kutembea. Mwaka 1995 Heglund na wenzake walieleza sababu: mwili wa anayetembea hupanda na kushuka kama pendulumu iliyopinduliwa, na wanawake hao, wakiwa na mzigo, walipoteza nishati pungufu katika kupanda na kushuka huko kuliko watu wengine.

Dani alibeba mabeseni ya samaki kutoka Dunga zaidi ya miaka ishirini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Walikuja na mashine kupima hilo?"

"Ndiyo, Dani."

"Wangeuliza. Beseni likitikisika, umechoka. Lisipotikisika, hujachoka." Akanyamaza kidogo. "Huu mguu sasa unatikisa beseni."

Nimeiandika kwa sababu ni maelezo bora ya tatizo kuliko yote yaliyomo humu. Kila akipitisha mguu kwa nje, bega la kulia linashuka na kichwa kinachora wimbi. Tangu leo video napiga kutoka mbele, siyo pembeni. Natazama kichwa.

Mei 24

Toleo la tatu halina mota. Ukanda wa tyubu ya baiskeli, upana sentimita 2, wenye matundu ya kukazia, kutoka ndoano ya kiatu hadi kwenye mkufu wa chini ya goti. Wenye kliniki watasema hii ni kazi ya zamani, vipo vya kununua vya aina hiyo. Ni kweli. Nimefika nyumbani kwa kupitia Nairobi.

Kasoro ya mpira ni kwamba haujui wakati. Unavuta juu saa zote, hata pale Dani anapotaka kujisukuma kwa ncha. Kwa hiyo tulitafuta nguvu ya katikati, kama ile ya springi, kwa mizani ya samaki: kilo 3, 2.5, 2, 1.5. Kwa kilo 3 wayo uliinuka vizuri lakini goti lilisukumwa kukunjika wakati wa kutua, na Dani hakupenda. Kwa 1.5 ncha ilikwaruza. Tumetulia kwenye 2, na tundu moja zaidi la jioni, maana mguu ukichoka shavu hukaza zaidi.

Sekunde 27 kwa mpira. Siku hiyo hiyo, kwa mota, sekunde 24. Mota inashinda.

Gramu 140 zote, bila betri, bila programu.

Juni 1

Nilimwachia Dani vyote viwili kwa wiki moja na daftari, mjukuu wake wa darasa la sita awe karani. Mota: kavaa mara 2, jumla dakika 25. Mpira: kila siku, mara 3 au 4 kwa siku, akivua katikati kama tulivyofundishwa. Kwenye safu ya maoni ya mota karani ameandika, "Anasema ni kama kutembea na mgeni."

Juni 14

Nimerudia kipimo cha kwanza, bila kifaa chochote. Mstari ule ule, kiatu kile kile. Sekunde 27.

Februari ilikuwa 31. Kwa hiyo sehemu ya faida niliyokuwa naihesabia mota na mpira ni ya Dani mwenyewe: miezi inapita, ubongo unajipanga, fizio hachoki, na anatembea zaidi kuliko alivyotembea mwaka jana. Pengine anatembea zaidi kwa sababu kuna kifaa, na hiyo nayo ni faida, lakini siwezi kuitenganisha na nyingine kwa mtu mmoja na mstari wa chokaa. Leo kwa mpira alitumia sekunde 23. Tofauti ya haki ni hiyo, 27 na 23, siku moja, mguu mmoja. Ile ya 31 na 23 nimeifuta kwenye maelezo niliyokuwa nimeanza kumtumia rafiki.

Video ya mbele: kichwa bado kinachora wimbi, dogo zaidi. Upande wa kushoto anapita karibu na katikati. Fizio amesema hapo ndipo pa kukazania sasa, na hapo ni mikono yake.

Juni 22, Jumapili

Kibuye tena. Tuktuk hadi getini, mpira mguuni, fimbo mkono wa kulia, mimi nyuma bila kushika mkanda ila mikono tayari. Alisimama mara sita kusalimia. Mara ya tano nilimpoteza kwenye umati kwa dakika nzima, moyo ukanipanda kooni, kumbe amekaa kwa mama wa omena anamwonyesha tyubu.

Yule mama anataka moja kwa ajili ya kaka yake. Nimemwambia ampeleke kliniki kwanza apimwe shavu la mguu na ngozi, maana kilo 2 ni za Dani. Ameniona mtu wa maringo.

Mota ya waipa jirani ameichukua. Kuna pikapu inayoisubiri. Ubao na sensa nimebaki navyo: nataka sensa ikae kwenye mkufu ihesabu hatua na mikwaruzo ya siku nzima, ili nisitegemee karani wa darasa la sita.

Tyubu imeanza kuchanika kwenye tundu la tatu. Ilidumu wiki nne. Kesho nitakata nyingine, niweke kipande cha ngozi kuzunguka matundu.